Ovadrafti ya Mwanafunzi: Benki Humkopesha Nani?

Kila ufikapo mwezi wa Septemba mabenki ya Uingereza huanza kuwagombania vijana wanaoingia vyuo vikuu kwa mara ya kwanza. Huwapa kadi za kupunguziwa nauli ya treni, hati za kununulia vitu madukani, na pengine hata fedha taslimu. Juu ya hayo huwafungulia akaunti ya mwanafunzi yenye ovadrafti isiyotozwa riba, yaani ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya zile zilizomo katika akaunti. Tangazo husema kwamba ovadrafti hiyo yaweza kufika pauni 2,000 au 3,000. Neno la kutazamwa hapo ni "yaweza".

Kijana akishafungua akaunti hukuta ameruhusiwa pauni 500, au 1,000 akiwa na bahati. Akiomba aongezewe huambiwa asubiri muhula ujao, ama mwaka wa pili, ama arudi baada ya miezi kadhaa. Benki huchungulia kumbukumbu zake za ukopaji. Kwa kuwa ana umri wa miaka 18 na hajapata kukopa, kumbukumbu hizo ni tupu, na utupu huo huhesabiwa kuwa ni hatari. Akienda benki ya pili na ya tatu, kila ombi huacha alama, na benki ya nne ikiona alama nyingi za muda mfupi humdhania kuwa ni mtu aliyekwisha kwama. Mwenzake ambaye wazazi humtumia fedha kila mwezi, akaunti yake ikaonekana haikauki, huongezewa pasipo taabu. Wako hata wanaoichukua ovadrafti hiyo isiyo na riba wakaiweka katika akaunti ya akiba ya benki nyingine ili wapate faida. Hao ndio wasioihitaji, na hao ndio wanaoaminiwa.

Hatuyaandiki haya kwa nia ya kuwasikitikia Waingereza, ambao wana magazeti yao na wabunge wao. Tunayaandika kwa sababu swali lililomo ndani yake ni letu pia. Benki humkopesha nani, na kwa nini?

Ovadrafti haikubuniwa kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 1728, katika mji wa Edinburgh, Royal Bank of Scotland ilimruhusu mfanyabiashara mmoja, William Hog, kutoa hadi pauni 1,000 zaidi ya zile alizokuwa ameweka. Hog hakuwa fukara. Taabu yake ilikuwa kwamba mara nyingi alidaiwa kabla wateja wake hawajamlipa. Fedha zake zilikuwako, ila zilikuwa njiani. Hiyo ndiyo asili ya ovadrafti na ndiyo kazi yake ya halali, kumvusha mtu ambaye fedha zake zi njiani. Ni daraja, na daraja halijengwi ili watu walale juu yake.

Waingereza wamewalaza wanafunzi wao juu ya daraja hilo. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1962 iliwalazimisha wakuu wa serikali za mitaa kuwalipia wanafunzi wa shahada ya kwanza masomo na kuwapa ruzuku ya kujikimu, kwa kutazama kipato cha wazazi. Mwaka 1990 mikopo ikaanza kuchukua nafasi ya ruzuku. Mwaka 1998 ikaletwa ada ya pauni 1,000 kwa mwaka, na kufikia mwaka 2012 vyuo vya England vilikuwa vimeruhusiwa kutoza hadi pauni 9,000. Mwaka 2016 ruzuku ya kujikimu waliyobakiziwa watoto wa wanyonge ikafutwa huko England kwa wanafunzi wapya, wakapewa mkopo mkubwa zaidi badala yake. Mkopo wenyewe hulipwa mara tatu kwa mwaka, ilhali mwenye nyumba hudai amana yake kabla mwanafunzi hajahamia. Ovadrafti ikawa ndiyo ruzuku mpya, tofauti yake ikiwa kwamba ruzuku hairudishwi. Kijana akihitimu, kile kiasi kisichotozwa riba hupunguzwa mwaka hadi mwaka, na deni linalobaki hutozwa kama la mteja mwingine yeyote. Tangu kanuni za Aprili 2020 zibadilishe utaratibu wa tozo za ovadrafti, mabenki mengi huko yamekuwa yakitoza karibu asilimia 40 kwa mwaka. Isitoshe, kwa masharti ya ovadrafti benki yaweza kuidai fedha yake yote siku yoyote.

Mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko huko hana haja ya kuyahofia hayo, kwa kuwa kwa kawaida hafiki hapo. Akaunti za wanafunzi zenye ovadrafti huhitaji mtu awe ameishi Uingereza miaka kadhaa. Mgeni hupewa akaunti ya kawaida isiyoruhusu kutoa hata senti moja ya ziada, na fedha za ufadhili zikichelewa huona cha mtema kuni.

Sasa turudi nyumbani. Mabenki yetu yanazo akaunti za wanafunzi zenye masharti nafuu, na hilo ni jambo jema. Lakini kwa kawaida hazina ovadrafti, ya kubwa wala ndogo. Sababu itolewayo ni kwamba mwanafunzi hana kipato. Hebu tuitazame sababu hiyo kwa makini.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Mwanafunzi aliyepangiwa mkopo hulipiwa ada, yote au sehemu, na hupewa fedha za chakula na malazi ambazo wenyewe huziita bumu, jina ambalo sasa hata wazazi wamelizoea. Mwaka 2023 kiwango cha fedha hizo kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, yaani shilingi 300,000 kwa mwezi wa siku 30. Mwanafunzi huyu jina lake limo katika orodha. Chuo kinamjua, Bodi inamjua, namba ya akaunti yake inajulikana. Kisha bumu linachelewa. Pengine matokeo ya mtihani hayajapelekwa, pengine tarakimu moja imekosewa, pengine ofisa wa kusaini yuko safarini. Yeye hakuna alichokosa. Fedha zake zi njiani, sawasawa na za William Hog. Lakini Hog alipewa pauni 1,000, na huyu anaambiwa hana kipato.

Kunyimwa huko hakuondoi njaa. Kwanza atamwendea mama ntilie, ambaye humwandika katika daftari na kumvumilia kwa mtaji usiozidi gunia la mchele. Huyo mama ndiye benki ya kwanza ya vyuo vyetu, naye hakopeshwi na benki. Baadaye atageukia simu. Mikopo midogo ya simu ilianza kuenea nchini na huduma ya M-Pawa mwaka 2014, na sasa zipo huduma kama Songesha, ambayo kwa kweli ni ovadrafti ya simu: salio lisipotosha, malipo hukamilishwa, kisha mtu hudaiwa pamoja na ada. Zikimshinda hizo zenye kibali, atatumbukia kwa wale wasio na kibali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wakopeshaji wa namna hiyo wamejulikana kwa kuwatumia ndugu, jamaa na marafiki wa mkopaji ujumbe wa kumwaibisha. Binti wa mwaka wa kwanza aliyekopa nauli na chakula hujikuta jina lake likisomwa na mjomba wake Sumbawanga kama jina la mwizi.

Mwisho wa yote simu humfikia mzazi. Hapa, ndugu msomaji, ndipo mwalimu na mtumishi wa serikali wanapoingia. Benki iliyomnyima mwanafunzi hushindana kumkopesha baba yake, kwa kuwa mshahara wake unapitia humo humo na makato hufanywa kabla yeye hajauona. Utaratibu wa kumbakizia mtumishi theluthi moja ya mshahara wake upo, na ni wengi waliokwisha kuufikia mpaka huo. Iwapo mwalimu huyo naye alisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kwa deni lake mwenyewe, kiwango kilichowekwa mwaka 2016. Kwa maneno mengine, ovadrafti ya mwanafunzi wa Tanzania ipo. Imeandikwa katika hati ya mshahara ya mtu mwingine.

Wako watakaosema kwamba vijana wakipewa ovadrafti wataimaliza kwa simu na viatu. Baadhi watafanya hivyo, kama vile baadhi yetu watu wazima tulivyokopa kwa jina la ujenzi tukafanya harusi. Ndiyo maana mwandishi wa makala haya haombi pauni 3,000 za Waingereza. Anaomba jambo dogo. Mwanafunzi ambaye bumu lake limekwisha kuthibitishwa, na siku ya malipo ikapita, benki imruhusu kutoa, tuseme, shilingi 150,000, ambazo ni chakula na malazi ya siku 15. Bumu likiingia, benki ikate chake kwanza. Riba asitozwe mwanafunzi. Gharama ya kuchelewa ibebwe na ofisi iliyochelewesha, iwe ni chuo au ni Bodi, na iandikwe katika hesabu zake za mwaka ili wakaguzi waione.

Mabenki yalipotaifishwa Februari 1967 serikali ingeliweza kuyaagiza. Leo mengi ni ya binafsi na hayawezi kuamriwa kutoa sadaka. Lakini kukopesha juu ya fedha zilizothibitishwa si sadaka. Ni biashara salama kuliko nyingi zinazofanywa na mabenki hayo.

Kwa mwanafunzi aliyekosa mkopo kabisa hatupendekezi ovadrafti hata kidogo. Huyo hana fedha iliyo njiani, na kumkopesha kwa muda mfupi ni kumchimbia shimo. Anahitaji ruzuku, au mfuko wa dharura wa chuo wenye fedha kweli, usiogawiwa kwa kujuana.

Orodha zipo, namba za akaunti zipo, na mitambo ya kupeleka taarifa kutoka Bodi hadi benki imekuwa ikifanya kazi kwa miaka. Kinachokosekana ni makubaliano ya maandishi kati ya pande tatu, pamoja na tarehe moja ya malipo ambayo kila ofisi itafungwa nayo. Mwaka wa masomo huanza Oktoba. Muda wa kuyaandika upo.