Kangaga la Nchi Kavu

Baada ya safari ya Salala, wajukuu wa nyumba tatu wameniuliza swali moja: kangaga, mmea wa chepechepe, linafanya nini katika milima ya Dhofar, ambako sehemu kubwa ya mwaka ni ukavu mtupu? Nimeona nijibu hapa, na wazee wao wasome.

Sisi wa visiwani tunalijua kangaga la mabondeni. Huku Omani maarufu ni lile la ukingoni mwa falaji, ambalo Waarabu huliita kuzbarat al-bi'r, yaani giligilani ya kisimani. Hilo si adimu. Lakini lipo la mawe makavu, Actiniopteris, linaloota Arabuni na Afrika Mashariki pia, jani lake mfano wa mkoche wa kuchezea mwanasesere. Kiangazi hujikunja ukadhani limekufa. Likipata maji hufunguka likawa kijani tena. Basi anayelitafuta mwezi wa Machi atalikanyaga, kisha arudi akisema hakuna kitu. Nendeni wakati wa kharifu, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, mkachungulie nyufa za mawe chini ya miti.

Nasema chini ya miti kwa sababu. Kangaga halina ua wala mbegu. Lina vumbi la kahawia mgongoni mwa jani. Vumbi hilo huota kijani kidogo mfano wa ukucha, na hapo mbegu ya kiume haina budi kuogelea kuifikia ya kike. Pasipo utando wa maji hapana kizazi. Na maji hayo Dhofar si ya mvua peke yake: majani ya miti hunasa ukungu wa bahari, ukadondoka tone tone. Wataalamu wa MIT, Marekani, waliliandika jambo hili mwaka 2006. Mti mkuu wa pale, Terminalia dhofarica, porini hauoti ila Dhofar na upande wa pili wa mpaka, Yemeni. Ngamia wakiukwangua majani, ukungu hupita bure, na kangaga lililo chini halipati mtoto.

Kwa hiyo, wanangu, mkiliona lipigeni picha, mwandike siku, bonde, na mti ulio juu yake. Msiling'oe, lililoletwa Maskati koponi mwaka jana lilikauka kabla ya Idi. Mahali penyewe pia msipatangaze, maana wapo wenye makopo makubwa kuliko yenu. Picha nileteeni mimi. Nitazipanga daftarini, kisha tuwapelekee Oman Botanic Garden, ambao kazi yao ni mimea ya asili ya nchi hii.