Chuchu ya Tatu

Mama amwogesha mtoto wake mchanga, naye aona chini ya titi la kushoto alama ndogo nyeusi, kama chunjua. Aitazama vizuri: kumbe ni chuchu! Mtoto anazo tatu. Mama anyamaza, amfunika mtoto upesi, akiogopa jirani wasije wakasema neno. Akina mama wenye hofu ya namna hii wapo. Twataka kuwajibu wazi, wala hatuoni haya kutaja viungo ambavyo Mungu hakuona haya kuviumba.

Mtoto akiwa bado tumboni, yapata juma la sita, mistari miwili huinuka katika ngozi yake, mmoja kuume na mmoja kushoto, toka makwapani hata kwenye kinena. Wataalamu huiita mistari ya maziwa. Kwa binadamu mistari hii hufutika karibu yote, ikabaki mahali pawili tu pa kifua. Pengine kipande kidogo hakifutiki, na hapo ndipo iotapo chuchu ya ziada. Ndiyo maana huonekana zaidi chini ya titi, au kwapani, au tumboni, juu ya njia ile ile. Tena kazi hii huanza kabla mwili wa mtoto haujaonyesha kama ni wa kiume au wa kike. Basi msishangae kwamba wanaume nao wana chuchu.

Wanyama wanyonyeshao nao hupitia njia hiyo, lakini kila aina imebakiza sehemu yake. Mbuzi ana chuchu 2, ng'ombe 4, nazo ziko nyuma, kati ya mapaja. Tembo, pamoja na ukubwa wake wote, ana 2 tu, nazo ziko kifuani, kati ya miguu ya mbele, kama za mama wa kibinadamu. Nguruwe ana 12 au 14, hata zaidi, na kila mtoto hujichagulia yake, akaishika siku zote. Mwenziwe akimwingilia, ni vita. Lakini yupo panya mmoja wa mashamba yetu, yule aingiaye hata nyumbani kula mahindi: jike lake laweza kuwa na chuchu 24. Si ajabu ghala huisha upesi! Wafugaji nao wajua kwamba ndama wengine huzaliwa na chuchu ya tano. Hatujasikia ndama aliyeitwa mchawi kwa ajili hiyo.

Watu, ndiyo. Katika karne ya 17 Waingereza walipekua miili ya washtakiwa wa uchawi, wakitafuta kinyama chochote kifananacho na chuchu, kwa kuwa walidai ndipo pepo anyonyapo. Huko Salem, katika koloni lao la Marekani, tarehe 2 Juni 1692 wanawake waliagizwa kumkagua Bridget Bishop. Asubuhi walisema wamekiona kinyama. Alasiri walipomtazama tena, hakikuwapo. Hata hivyo alihukumiwa, akanyongwa tarehe 10 Juni. Twaandika haya kwa huzuni, kwa maana mahakimu wale walikuwa Wakristo, watu wa kusali.

Tusiwacheke. Hapa kwetu Kongo watoto wamefukuzwa nyumbani kwa sababu ya kifafa, au kwa kukojoa kitandani, wakaitwa wachawi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto yamwadhibu afanyaye hivyo, hata akiwa mjomba, hata akijiita mtu wa sala.

Basi, mama, mtoto wako si mgonjwa. Usikubali mtu aikate chuchu hiyo kwa wembe, wala kuifunga uzi, wala kuipaka dawa. Kidonda chake ndicho kitakachomletea hatari. Ikiwa ni msichana, huenda siku moja, akiwa na mimba au akinyonyesha, mahali hapo pakavimba kidogo au kutoa matone ya maziwa. Asipakamue, huisha penyewe. Ila pakiota uvimbe mgumu, au pakitoka damu, au ngozi ikigeuka, aende kwa daktari bila kukawia, sawa kama kwa titi lenyewe. Kwa sasa yatosha kumwonyesha muuguzi siku ile upelekapo mtoto kupimwa uzito.