Dhahabu Haitatulindia Shilingi

Siku ya mnada Katesh, kabla jua halijakolea, utamwona mnunuzi wa ng'ombe amezungukwa na watu, anatoa bunda la noti za elfu kumi ndani ya koti. Muuzaji, mzee aliyejifunga shuka na fimbo kwapani, hazihesabu kwanza. Anachomoa moja, anaielekeza juani, anautafuta uzi ulio ndani ya karatasi, anaipapasa kwa kidole gumba, kisha anampa kijana wake naye aipapase. Ndipo hesabu inaanza. Fahali aliyelishwa kwa miaka anapandishwa lori la kwenda Arusha, na mzee anabaki na karatasi.

Anayo haki ya kukagua. Lakini ule uzi unamwambia jambo moja tu, kwamba noti si ya bandia. Haumwambii itanunua nini mwakani. Na hilo la mwakani ndilo nataka tulizungumze, ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, kwa sababu siku hizi vijiweni limezuka neno kwamba fedha ya karatasi ni kiini macho, na kwamba nchi yenye migodi kama yetu ingefunga shilingi yake kwenye dhahabu, umaskini ungekwisha. Wasemao hivyo si wajinga. Wameshika nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uchungu.

Tuanze karibu na nyumbani. Sekenke, kule Iramba katika mkoa jirani wa Singida, Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Vita ilipoanza 1914, meli za Uingereza zikafunga pwani, na fedha mpya haikuweza kuingia tena koloni. Watu wakazificha rupia za fedha walizokuwa nazo, kama mwenye akili yeyote angefanya. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na askari wa kulipa na chakula cha kununua, basi kuanzia 1915 ikachapa noti za muda, kwanza Dar es Salaam, baadaye Tabora. Kadiri vita ilivyoendelea, karatasi ikawa duni, na mwishowe noti ndogo zikapigwa kwa herufi za mpira, kama risiti ya duka la kijijini.

Mwaka 1916 wakafanya jambo lingine pale Tabora. Kwa dhahabu ya Sekenke walitengeneza sarafu za rupia 15, zaidi ya elfu 16 kwa idadi, upande mmoja tai, upande mwingine tembo akiinua mkonga mbele ya mlima. (Tembo huyo tunaye hadi leo kwenye noti ya elfu kumi, watawala hubadilika, tembo habadiliki.) Leo wakusanyaji wa sarafu hununuana vipande hivyo kwa fedha nyingi mno. Lakini jiulize, msomaji: ni mkulima gani au mfugaji gani wa bara aliyepata kuishika? Aliyebebeshwa mizigo ya jeshi na kuchukuliwa nafaka yake alipewa karatasi. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Wabelgiji wakaingia Tabora, Wajerumani wakakimbilia kusini, na mwenye karatasi akabaki nayo mkononi, bila dirisha la benki la kuipeleka.

Hapo tunaona kwamba dhahabu ilikuwepo nchini, ikachimbwa, ikapigwa sarafu, na bado noti ya mnyonge haikulindwa nayo hata kidogo. Dhahabu iliyo mikononi mwa mtawala haijawahi kumlinda mtawaliwa, isipokuwa pale mtawala alipolazimika kuitoa kila inapodaiwa. Hakuna aliyemlazimisha Mjerumani.

Waingereza walipokuja walileta utaratibu ulionyooka zaidi, na huo wazee wengi wanaukumbuka kwa mapenzi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, makao yake London. Baada ya kuhangaika na rupia, kisha florini, shilingi ikaanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi ishirini kwa paundi moja. Kwa kanuni, shilingi mpya ilitolewa pale tu paundi ilipowekwa London. Hakuna gavana wa Tanganyika aliyeweza kuamka asubuhi akachapa fedha za kulipia mishahara. Kwa hilo, lazima tukiri, shilingi ile ilikuwa ngumu.

Lakini ilikuwa ngumu kwa faida ya nani? Akiba ya nchi zetu ilikaa London katika hati za madeni ya Uingereza na makoloni yake, wakati mkulima wa Mbulu hakuwa na pa kukopa hata bei ya jembe la kukokotwa na ng'ombe. Na uamuzi mkubwa haukuwa wetu. Mwaka 1925 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, aliirudisha paundi kwenye dhahabu kwa bei ile ile ya kabla ya vita. Bidhaa za Uingereza zikawa ghali kwa wageni, wenye migodi ya makaa wakataka kupunguza mishahara, na 1926 nchi nzima ikaingia kwenye mgomo. Septemba 1931 Waingereza wenyewe wakaikimbia dhahabu. Shilingi yetu ikaikimbia pamoja nao siku hiyo hiyo, bila mtu yeyote Dar es Salaam kuulizwa, seuze Mbulu. Katika miaka ile bei za mazao na mifugo zilianguka vibaya Tanganyika yote, ila kodi ilibaki ya shilingi. Hiyo ndiyo fedha ngumu kwa mtu asiye na sauti: alitoa ng'ombe zaidi kulipa deni lile lile.

Kwa hiyo anayetaka turudi kwenye dhahabu ajue anachokitaka. Kiasi cha fedha nchini kingefuata kilichochimbwa Geita na bei ya dunia iliyopangwa kwingine. Mwaka mazao yakiwa mengi na dhahabu haba, bei ya kitunguu saumu cha Bashay ingeporomoka, lakini mkopo wa pembejeo ungebaki pale pale. Hata Wamarekani, waliokuwa na ghala kubwa kuliko wote, walishindwa. Agosti 1971 Rais Nixon alisimamisha ubadilishaji wa dola kwa dhahabu, na tangu hapo hakuna nchi kubwa inayotoa dhahabu kwa noti yake.

Sasa nigeukie upande wetu, maana mawaidha ya kuwasema wakoloni tu ni rahisi mno. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, gavana wake wa kwanza Edwin Mtei, na shilingi ikawa yetu. Lilikuwa jambo la haki. Nchi huru haiwezi kuachia ufunguo wa sanduku lake kwa bodi ya wageni. Wakati ule dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Piga hesabu: shilingi elfu moja zilikuwa dola 140. Leo elfu moja hazifiki hata senti 50 za dola.

Yapo mengi yaliyotufikisha hapo: bei ya mafuta ya 1973 na 1979, ukame, vita ya Kagera, mashirika ya umma yaliyokula kuliko yalivyozalisha. Lakini mashirika hayo na Serikali yenyewe yalipopungukiwa, yalijazwa kwa mikopo ya mabenki, na benki zikajazwa na mtambo wa noti. Mwishoni mwa 1979 Mtei, wakati huo Waziri wa Fedha, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu alikuwa na hoja: nchi isiamriwe na Washington. Mtei naye alikuwa na hoja: bei iliyoandikwa ofisini si bei ya sokoni. Nadhani Mtei alikuwa karibu zaidi na ukweli, nami nasema hivyo nikimheshimu Mwalimu. Kwa sababu shilingi ilishuka tu, hata bila idhini. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 30 kwa mwaka katika miaka ya 1980, sukari na sabuni zikahama madukani zikaenda kwa walanguzi, na kufikia katikati ya 1986, chini ya Rais Mwinyi, dola ilihesabiwa shilingi 40 kwa kiwango cha Serikali yenyewe.

Sasa mfikirie mfugaji wa Hanang aliyeuza madume kumi mwaka 1978, akafukia fedha ghalani ili amwozeshe mwanawe baadaye. Hakuibiwa na mwizi. Hakuna aliyevunja mlango. Noti zilikaa pale pale, na ng'ombe kumi wakawa mmoja. Jirani yake mwenye busara ya kale, aliyetawanya mifugo kwa marafiki kama desturi ya Wairaqw na Wadatoga ilivyo, huyu akichunga wawili, yule watatu, hakupoteza kitu kwa mtambo wa noti. Ndiyo maana wazee wetu hawakuiamini karatasi, na wataalamu waliowacheka kwa kulimbikiza mifugo hawakujua walichokuwa wakikicheka.

Hata hivyo ng'ombe naye si ngome. Waulizeni ndugu zetu wa Simanjiro, katika mkoa wetu huu huu, walivyohesabu mizoga katika ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022. Wala nyumba si benki. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80 na kufagia makazi Katesh na Gendabi. Kibubu kilichokuwa ndani ya nyumba iliyofagiwa hakina wa kukirudisha, ila salio la benki au la simu lilibaki na jina la mwenyewe au la warithi wake.

Na upo ukumbusho wa karibu zaidi. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali. Serikali haikumdhulumu mtu, maana ililipa shilingi kwa shilingi. Si kama Uganda ya 1987, ambako walifuta sifuri mbili na kukata asilimia 30 juu yake. Lakini muda wa miezi mitatu ni mrefu kwa mtu wa mjini mwenye redio na bodaboda. Kwa bibi wa Yaeda Chini mwenye noti zilizokunjwa kwenye kitambaa, ni mfupi. Viongozi wa vijiji, tangazo la namna hii likitoka tena, lisomwe kanisani, msikitini na mnadani, kwa Kiiraqw na Kidatoga pia, si kubandikwa kwenye ubao wa kata na kuachwa linyeshewe.

Kuna lingine linalowachanganya watu. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, na Benki Kuu inanunua. Wapo waliosikia hayo wakasema, basi shilingi sasa ni ya dhahabu. Siyo. Ukienda tawi la Benki Kuu Arusha na noti zako, hutapewa hata chembe. Dhahabu ile ni akiba ya taifa, ya kuagizia mafuta na dawa siku dola zikiadimika kama zilivyoadimika 2023. Ni akiba nzuri, na naiunga mkono. Ila akiba si kizuizi. Serikali inaweza kuwa na tani za dhahabu stoo na bado ikachapa noti kupita kiasi.

Kizuizi ni sheria, na sheria haina meno pasipo watu wanaouliza. Sheria ya Benki Kuu ya 2006 imeitaja kazi yake ya kwanza kuwa kulinda uthabiti wa bei, na imeweka kikomo cha kiasi ambacho Serikali inaweza kukopa kwake. Katika miaka ya karibuni mfumuko wa bei umekaa kati ya asilimia 3 na 5, na hilo ni jema la kushukuru bila haya. Halikuletwa na dhahabu. Limeletwa na watu waliokataa kuchapa noti pale ilipokuwa rahisi kuchapa, na watu huondoka, wengine huja.

Kwa hiyo, wazee na vijana, fanyeni haya. Anayeuza ng'ombe au vitunguu saumu asilale na bunda la noti mwezi mzima. Aweke zinazotosha matumizi, nyingine azipeleke benki au kwenye chama cha akiba na mikopo kilichosajiliwa, na sehemu airudishe kwenye mtamba, shamba au ada ya mtoto. Kisha mbunge wa Mbulu Mjini, wa Mbulu Vijijini au wa Hanang atakaporudi jimboni, mkimaliza kumwuliza barabara na maji, msimwache akae. Mwulizeni Serikali imekopa kiasi gani Benki Kuu mwaka huu, kikomo cha sheria ni kipi, na yeye alisema nini bungeni. Asipojua, mpeni hadi mkutano ujao, na mkutano huo mhudhurie.