Mtoto asisubiri bwawa la chuo

Mzazi wa Mazwi akimpeleka mtoto likizo kwa bibi yake Kasanga, hukagua nguo, viatu na nauli. Kuogelea hakumo kwenye orodha, ingawa Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470.

Wengi huona kuogelea ni anasa, na hata vyuo fedha zikipungua huona hivyo. Mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Iowa, chuo cha umma Marekani, kilitangaza kufuta timu zake za kuogelea kwa sababu ya hasara za korona. Wasichana walikwenda mahakamani, na Februari 2021 timu yao ikarudishwa. Ya wavulana haikurudi.

Kule waliokatiwa bajeti walikosa mashindano. Ziwani, asiyejua kuogelea hukosa uhai. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wafundishwe kuogelea na usalama wa maji kuanzia miaka 6. Mtu mzima anayejua kuogelea aingie naye kwenye maji ya kina kifupi, mahali ambapo wenyeji wanajua hapana mamba, aanze kumfundisha kuelea. Samaki mkunje angali mbichi.