Si Kila Stori Ina Mlima

Kila msee anayefundisha kutengeneza video siku hizi atakuchorea ule mlima: mwanzo, shida inapanda, kilele, inashuka, mwisho. Eti stori isiyo na mlima si stori. Hapo mimi nakataa.

Mwenye mlima mwenyewe ni Gustav Freytag, Mjerumani, na kitabu chake kilitoka 1863. Alikuwa anachambua tamthilia, hasa za Wagiriki wa kale na za Shakespeare. Tena kilele chake kiko katikati, si karibu na mwisho. Baada yake mambo yanaharibika tu hadi maafa. Yaani alikuwa anaeleza misiba ya jukwaani, sio klipu ya sekunde 60 ya jamaa anayeuza mutura.

Halafu kuna Vladimir Propp, Mrusi. Mwaka 1928 alichambua hadithi 100 za maajabu za Urusi akapata matendo 31: mtu anatoka nyumbani, anakutana na mtoaji anayempa kifaa cha ajabu, anapigana na adui, anarudi. Si kila hadithi ina yote 31, lakini yanafuatana vilevile. Kazi safi, manze. Ila alikuwa anazungumzia aina hiyo moja ya hadithi. Sisi ndio tumeifanya sheria ya dunia nzima.

Mchukue Sungura wetu. Anakataa kuchimba kisima na wenzake, anaiba maji, anashikwa, anadanganya, anatoroka. Kesho anaiba tena. Hajifunzi kitu! Na bado tulikuwa tunamwambia shosho aendelee.

Ingekuwa ni mambo ya Sungura tu singeandika. Noma ni tukimpandisha mlima mtu aliye hai. Kuna shirika fulani liliniita nihariri video ya dada mmoja, fundi wa simu. Alifunzwa kazi na mjomba wake, akafungua kibanda chake mwenyewe, na baadaye ndipo shirika likamletea meza na taa. Maagizo yalikuwa: anza na yeye akilia, kibanda kisionekane hadi mwisho, meza ikishafika.

Niliangalia video yote kabla ya kugusa chochote. Huyo dada alilia mara moja tu, alipomtaja mjomba, kwa sababu ameshafariki. Machozi ya matanga ndiyo yaliyotakiwa yawe machozi ya njaa. Na mjomba? Akatwe kabisa. Ukimwelewa Propp unaona kwa nini: kiti cha mtoaji ni kimoja, na shirika lilikuwa limeshakikalia.

Nilirudisha faili, na doo sikuona.

Sisemi mpangilio ni mbaya. Filamu nyingi ninazopenda zinafuata mlima na mimi hukaa hapo nikingoja kilele kama watu wengine. Lakini filamu imetungwa. Dada wa simu hakutungwa, na wateja wake wataiona hiyo video, na shangazi yake pia, mke wa huyo mjomba.

Kwa hivyo ukimrekodi mtu, kabla hujaposti mwonyeshe. Usimuulize tu kama ameipenda, maana atasema ndiyo, umeshamnunulia soda. Muulize ni nani alipaswa kuwa humo na hayupo.