Lishe ya Mifugo na Lugha ya Lebo

Katika mashamba madogo ya Nyamira, ng'ombe wa maziwa hufugwa zizini na kulishwa nyasi za nepia. Upungufu wa lishe hiyo huzibwa kwa chumvi za madini na viongezi vinginevyo, ambavyo biashara yake imestawi duniani kote. Manufaa yake si haba. Lakini kipimo ndicho kinachotenga faida na hasara. Urea kidogo humfaa ng'ombe; ikizidi humwua. Viuavijasumu vya kukuzia mifugo, navyo, vilipigwa marufuku na Umoja wa Ulaya mwaka 2006, kwa kuchelea vijidudu vinavyozoea dawa.

Je, mfugaji atakijuaje kipimo iwapo maelezo ya mfuko yameandikwa kwa Kiingereza pekee? Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Yafaa basi serikali ishurutishe kila lebo iandikwe kwa Kiswahili, na hapa kwetu pia kwa Ekegusii. Nasi walimu na wanafunzi wa lugha tuunde istilahi hizo, tuzijaribu kwa wafugaji wenyewe kabla ya kuzichapisha.