KAZI KWA MPIGA PICHA

Mwanao amemaliza Kidato cha Nne. Anataka kazi ya msaidizi kwa mpiga picha mjini Moshi. Usimcheke. Hii ni kazi ya ufundi, kama useremala.

Aende kuomba mwezi wa Novemba. Desemba, watu wa Rombo, Marangu, Kibosho na Machame wanaoishi mbali hurudi nyumbani kula Krismasi. Harusi na kipaimara huwa nyingi. Mpiga picha hawezi peke yake. Anahitaji mtu wa kushika taa, kuchaji betri, kupanga watu na kuandika majina ya waliopigwa picha. Huko migombani manyunyu hayapigi hodi. Msaidizi hubeba mwavuli, nao ni wa kamera, si wa kichwa chake!

Lakini wapo vijana wanaofanya kazi miezi mingi kwa nauli na chai tu. Wakiuliza mshahara, wanaambiwa, "Wewe bado unajifunza." Haya, anajifunza mpaka lini? Fundi aseme ni miezi mingapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo kwa maandishi: kazi gani, kuanzia lini, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Mzazi, nenda naye. Sasa unajua kusoma. Isome karatasi hiyo kabla mwanao hajatia sahihi. Kama fedha haikutajwa, uliza hapo hapo. Uliza pia, kamera ikianguka, nani atalipa?